Tokyo mpaka Hiroshima kwa treni: mpandie wapi, mshukie wapi

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mwanza, nalifupisha. Mwezi wa kumi anaenda Japani na mume wake, mtoto wa miaka saba na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Wana siku kumi na wanataka kuona Tokyo, Kyoto, Osaka na Hiroshima kwa ile treni ya kasi. Anasema: "Nimeangalia ramani ya stesheni ya Tokyo nikaogopa, na pia sielewi kwa nini kuna Osaka na kuna Shin-Osaka. Tupandie wapi, tushukie wapi, masanduku tutafanyaje? Halafu sisi nguruwe hatuli."

Dada, una haki ya kuogopa, ila ogopa stesheni, treni yenyewe usiiogope hata kidogo. Nimeishi huku miaka kumi na kitu na kazi yangu kubwa ni kupokea wageni kutoka nyumbani na kuwapangia safari, na sijaona hata mmoja aliyepata shida akiwa ameshakaa ndani ya Shinkansen, ndo hiyo treni ya kasi, ukikaa umekaa, inaondoka kwa wakati na inafika kwa wakati. Watu wanapotea, wanachoka na wanaachwa wakiwa ndani ya stesheni, wanazunguka nusu saa na masanduku manne wakitafuta geti ambalo walishalipita. Kwa hiyo ukipanga safari hii anza na stesheni, ukishajua unapandia wapi na unashukia wapi ndo uje kwenye hoteli na mambo mengine, wengi wanafanya kinyume chake na wanaumia.

Tuanze na hiyo Shin maana ndo ufunguo. Shin kwa Kijapani ni mpya. Ukiona Shin-Yokohama, Shin-Osaka, Shin-Kobe, ujue hiyo stesheni ilijengwa kwa ajili ya reli mpya na mara nyingi haipo katikati ya mji. Na sababu yake sisi watu wa nyumbani tunaielewa haraka sana: reli za zamani za Japani nyingi zina upana wa milimita 1,067, upana uleule wa TAZARA. Shinkansen wakaijenga kwa milimita 1,435 kama SGR yetu. Treni ya huku haiingii kwenye reli ya kule, hivyo hawakuweza kupita kwenye njia za zamani kuingia mjini, ikabidi wapasue njia mpya kabisa tena iliyonyooka, maana treni ya kasi haitaki kona kali. Palipowezekana wakaibandika Shinkansen ubavuni mwa stesheni ya zamani, ndo maana Tokyo, Nagoya, Kyoto na Hiroshima hazina Shin. Pasipowezekana wakajenga pembeni. Aliyepanda SGR ya Kenya anaijua hali hii, unashuka Miritini na Mombasa mjini bado hujafika.

Reli hiyo ya kwanza, Tokyo mpaka Shin-Osaka, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, siku chache tu kabla ya Olimpiki ya Tokyo, kilomita kama 515. Baadae ikasogezwa magharibi, mwaka 1972 ikafika Okayama na mwaka 1975 ikavuka chini ya bahari mpaka Hakata kule Fukuoka. Kwenye njia ya Tokyo mpaka Shin-Osaka kuna stesheni 17 na treni za aina tatu. Nozomi inaruka karibu zote, inasimama Shinagawa, Shin-Yokohama, Nagoya, Kyoto basi, inatumia kama masaa mawili na nusu. Hikari inasimama zaidi kidogo, kama masaa matatu. Kodama inasimama kila kituo na kila ikisimama inapisha zenye haraka, masaa manne hivi. Kwa nyie chukueni Nozomi, saa za watu wengi zinapita hata 10 kwa saa moja, yaani hii ni treni ambayo inakuja kama daladala.

Sasa Tokyo. Stesheni ya Tokyo ni nzuri kwa kweli na ningependa muione, lile jengo la matofali mekundu upande wa Marunouchi limefunguliwa Desemba 1914, mchoraji wake anaitwa Tatsuno Kingo, mabomu ya mwaka 1945 yakaunguza paa na makuba yake, wakaliezeka kwa muda na huo muda ukawa zaidi ya miaka sitini, mpaka mwaka 2012 ndo makuba yakarudi kama yalivyokuwa mwanzo. Nendeni jioni taa zikiwaka, simameni uwanjani mbele yake, pigeni picha. Lakini kuona ni jambo moja na kupandia treni pale mkiwa na bibi na masanduku ni jambo lingine. Upande wa Marunouchi unaangalia kasri la mfalme, upande wa pili unaitwa Yaesu (jina hilo limetokana na Mholanzi, Jan Joosten, aliyekuja huku miaka ya 1600 akapewa kiwanja maeneo hayo), na kutoka upande mmoja kwenda mwingine kuna mwendo. Shinkansen zote ziko upande wa Yaesu lakini zimegawanyika, na hapa ndo watu wanaachwa: njia namba 14 mpaka 19 ni za kwenda Nagoya, Kyoto na Osaka, alama zake za bluu. Namba 20 mpaka 23 ni za kaskazini, Sendai na huko, alama za kijani. Ni kampuni mbili tofauti na mageti tofauti. Nilishawahi kumpokea mzee mmoja aliyewahi stesheni dakika arobaini kabla, akaona neno Shinkansen akaingia, kumbe ameingia kwenye kijani, tiketi inakataliwa geti na Kijapani hajui, mpaka anaelekezwa treni yake imeshaondoka. Kwa hiyo wewe angalia bluu.

Ila swali la kwanza ni je mnalala wapi. Mkilala Ueno au Asakusa, basi pandieni Tokyo, hakuna shida. Mkilala Shinjuku au Shibuya, au mkitoka uwanja wa ndege wa Haneda moja kwa moja, msiende Tokyo kabisa, pandieni Shinagawa. Treni zote za njia hii zinasimama Shinagawa, Shinkansen wameiweka pale tangu Oktoba 2003 makusudi kuipunguzia Tokyo mzigo. Kutoka Haneda kuna treni inakuja moja kwa moja dakika kama 15 mpaka 20, kutoka Shibuya kwa laini ya Yamanote ni dakika 12 au 13. Na kuna jambo la magoti ya bibi: mkitoka Shinjuku kwa laini ya Chuo kwenda Tokyo mnashushwa juu kabisa, platfomu za Chuo pale Tokyo ziko kama ghorofa ya tatu, mnaanza kuteremka ngazi za umeme ndefu ndefu ndo mkutane na umati wa chini. Shinagawa unapanda lifti, unatembea kwenye korido moja pana, unaona geti, umefika.

Kuhusu tiketi nitasema machache ila yashike. Kuna apu rasmi inaitwa smartEX inayopokea kadi za benki za nje, unakata mwenyewe kwenye simu, unachagua viti, halafu getini unagusa tu kadi ya usafiri kama tunavyogusa kadi ya mwendokasi, au unaskani kodi ya QR. Njia ya pili ni tiketi za karatasi, na hapa watu huwa wanachanganyikiwa kwa sababu unapewa karatasi mbili, moja ni nauli ya safari, nyingine ni ya haki ya kupanda treni ya kasi na namba ya kiti. Getini unaziingiza zote mbili kwa pamoja, zimebebana, mashine inazitenganisha yenyewe na kuzitoa upande wa pili, uzichukue usiziache maana mnazihitaji tena kutokea. Karatasi ina faida moja ambayo apu haina: ile ya nauli ikiandikwa inatoka Tokyo mjini, inakuruhusu kuanzia stesheni yoyote ya JR (kampuni za reli za Japani) ndani ya wilaya 23 za Tokyo bila kulipa tena, kwa hiyo Shinjuku mpaka Shinagawa inakuwa imo humohumo. Mtoto wa miaka saba analipa nusu.

Na ile pasi ya JR, ya kulipa mara moja ukapanda treni siku kadhaa, ambayo kila mtu anakuambia ununue? Zamani ilikuwa bei rahisi mno, ila Oktoba 2023 ikapanda, ya siku saba ikafika yeni 50,000. Tokyo mpaka Hiroshima kwa Nozomi ni karibu yeni 20,000 kwa mtu mzima, kwenda na kurudi haifiki bei ya pasi, na ukiwa na pasi Nozomi unalipia nyongeza juu. Kwa safari yenu hii hailipi. Kateni tiketi moja moja.

Masanduku. Hili naomba mlisome nyie wote wanne kabla hamjafunga mizigo. Pima sanduku urefu, upana na kina, jumlisha. Likizidi sentimita 160 linahesabika kubwa na lazima ukate kiti cha nyuma kabisa ya behewa chenye nafasi ya mzigo mgongoni, bei ni ileile ya kiti cha kawaida ila lazima uwe umekiombea tangu mwanzo, usipokiombea unatozwa yeni 1,000 na mzigo wanauhamisha. Likizidi 250 haliingii kabisa. Chini ya 160 linakaa kwenye rafu juu ya kichwa, lakini jiulize nani atalinyanyua. Treni katikati ya njia inasimama dakika moja au mbili tu, haimsubiri mtu, na kushusha masanduku manne kutoka juu kwa dakika moja mtoto analia na bibi anashikilia kiti, mimi nimeshaiona na sitaki muipitie. Ndo maana wageni wangu karibu wote huwa nawaambia tumeni masanduku. Kuna huduma inaitwa takkyubin, unaacha sanduku hotelini au dukani, linakukuta hoteli nyingine kesho yake, nyie mnasafiri na begi dogo la mgongoni lenye nguo za siku moja. Inagharimu hela ndio, ila kwa familia yenye mzee ni hela iliyotumika vizuri kuliko yoyote katika safari nzima.

Viti: omba D na E. Kila safu ina viti vitano, A B C upande wa bahari na D E upande wa milima, na mlima Fuji unaonekana upande wa E, kwenda na kurudi ni E hiyohiyo maana treni haigeuzwi. Kutoka Tokyo hesabu dakika 40 mpaka 45, karibu na kituo cha Shin-Fuji treni inapovuka mto Fuji, hapo mlima unajitokeza wote mzima kama hamna mawingu. Mwezi wa kumi una nafasi nzuri kuliko kiangazi. Mko wanne, chukueni D na E safu mbili zinazofuatana, kiti cha mbele kinazungushwa mnakaa mnatazamana, unakanyaga pedali chini ya kiti kinageuka.

Chakula mnunue kabla ya kupanda, tangu mwisho wa Oktoba 2023 kile kigari cha kuuza vyakula kwenye mabehewa ya kawaida kiliondolewa njia hii. Kuna maboksi ya chakula cha stesheni yanaitwa ekiben na kila mkoa una lake, Tokyo ndani ya mageti kuna duka limejaa ya nchi nzima. Kwa wasiokula nguruwe jifunzeni herufi moja, 豚, hiyo ndo nguruwe, ipigeni picha muwe nayo kwenye simu. Maarufu ambayo mgeni anapewa kwa nia njema na yana nguruwe ni shumai za Yokohama na yale maandazi ya mvuke yenye nyama ya Osaka, yanaitwa butaman, mtayaona foleni yake ndefu pale Shin-Osaka na yananukia vizuri, ila hiyo "buta" ni nguruwe. Vinavyofaa zaidi ni vya samaki: wali wa kushikwa mkononi wenye samoni, sushi ya Nara iliyofungwa kwa majani inayouzwa Kyoto na Osaka, na Hiroshima kuna wali wa anago, samaki kama mkunga aliyechomwa, mtamu sana. Ila kama mnaangalia halali kwa ukali, jueni sosi nyingi za Kijapani zina mirin ambayo ina kilevi, kwenye boksi hilo hamtaliona kwa macho, hapo bora mchukue matunda, mkate na vitu vyenu.

Odawara, Atami, Shizuoka, Hamamatsu mtazipita tu, Nozomi haisimami. Nagoya inasimama lakini nyie hamshuki. Nitaje tu kwamba ni stesheni ninayoipenda, ina minara miwili juu yake yenye mita zaidi ya 220, na ndani watu wanakutania kwenye saa ya dhahabu upande mmoja na saa ya fedha upande mwingine, ukikosea saa mnatafutana mchana kutwa. Na juu kwenye platfomu kuna vibanda vya tambi pana zinaitwa kishimen, watu wanakula wamesimama dakika tano wanaondoka. Siku mkirudi bila haraka, shukeni mkale.

Kyoto ndo stesheni ya kukaa nayo kidogo. Kutoka Tokyo ni masaa mawili na robo hivi. Wengi wanafika na picha ya mahekalu ya mbao kichwani halafu wanakutana na jengo la vioo na chuma kubwa kupita kiasi, la mwaka 1997, mchoraji Hara Hiroshi, na lilipojengwa watu wa Kyoto waligombana kweli kweli, kwamba linaharibu sura ya mji wa kale. Mimi nimeshachagua upande, nalipenda. Kuna ngazi kubwa yenye vidato 171 inayopanda mpaka juu paa, pembeni yake ngazi za umeme zinapanda sambamba kwa hiyo bibi anafika juu bila kukanyaga kidato, hamlipi chochote, juu mnauona mji wote na milima iliyouzunguka. Mpelekeni jioni.

Ila ya kiutendaji: Kyoto ina pande mbili, kusini Hachijo ambako Shinkansen iko, na kaskazini Karasuma ambako kuna mabasi, mnara wa Kyoto na lango kuu. Mkitafuta hoteli ulizeni iko karibu na lango gani, maana "dakika tatu kutoka stesheni" ya upande wa Hachijo inaweza kuwa robo saa kwa mtu aliyetokea Karasuma. Makabati ya kuwekea mizigo kwa sarafu yapo mengi lakini saa nne asubuhi yanakuwa yameshajaa, niliwahi kuzunguka na familia moja ya Dar na masanduku matano kona zote mpaka tukakata tamaa tukarudi hotelini, nusu ya siku imeenda. Na mabasi ya Kyoto yanajaa mno, yanakaa foleni barabarani, msiyategemee kila mahali. Yale mageti mekundu ya Fushimi Inari mnakwenda kwa treni ya JR laini ya Nara, vituo viwili, dakika tano, mnashuka Inari na lango liko mbele yenu. Msitu wa mianzi wa Arashiyama mnakwenda kwa laini ya Sagano, dakika kama 15. Stesheni hii ukiijua umeuokoa mguu wa bibi siku mbili nzima.

Haya, Kyoto kwenda Osaka, na hili ndo jibu la swali lako. Msipande Shinkansen. Najua inauma umekuja Japani halafu unaambiwa usipande, lakini sikiliza. Shinkansen inatumia dakika 15 lakini inakushusha Shin-Osaka, kaskazini ya mto Yodo, na huko hakuna unachokwenda kufanya, lazima upande treni nyingine tena. Kuna treni ya kawaida ya JR inaitwa Shinkaisoku, inatoka Kyoto inakufikisha Osaka yenyewe katikati ya mji kwa nusu saa hivi, haina nyongeza ya treni ya kasi, unagusa kadi na kupanda, nauli haifiki hata yeni 1,000. Osaka hiyo ndo eneo linaloitwa Umeda, stesheni za laini nyingine zinaandikwa Umeda au Osaka-Umeda na zote ziko mtaa mmoja, usishangae. Kama hoteli iko Namba, ambako ndo kuna mataa na mto na vyakula vya barabarani, teremkeni kwenye subwei (treni ya chini ya ardhi) ya Midosuji, alama nyekundu. Shin-Osaka mtaitumia siku ya kwenda Hiroshima, mnarudi kule kwa Midosuji hiyohiyo bila kubadilisha, au kwa JR dakika nne kutoka Osaka.

Na siku hiyo naomba msikate Nozomi, kateni Sakura. Sakura ni treni inayoanzia Shin-Osaka yenyewe kwenda mpaka kusini kabisa Kagoshima, ina mabehewa 8 tu, na viti vyake vya kukatia ni viwili viwili kila upande badala ya vitatu kwa viwili, vipana, vya raha, kwa bei haizidi Nozomi. Kwa kuwa inaanzia hapo, mara nyingi huwa imeshasimama platfomu inasubiri abiria, kwa hiyo bibi anapanda taratibu bila ile dakika moja ya kukimbizana. Hiroshima ni saa moja na nusu hivi.

Njiani kuna Shin-Kobe, kituo kimebanwa kati ya mahandaki mawili, unatoka handaki, platfomu, unaingia handaki, na nyuma yake tu kuna maporomoko ya Nunobiki ya kutembea kwa mguu, ila ni kupanda mlima, bibi hapana. Himeji angalieni dirishani upande wa kaskazini, ngome nyeupe inaonekana kabisa. Okayama ni njia panda ya kwenda kisiwa cha Shikoku kupitia lile daraja kubwa la Seto la mwaka 1988. Pitilizeni.

Hiroshima Shinkansen iko upande wa kaskazini na mji uko kusini, kwa hiyo mkishuka vukeni ndani ya stesheni kuelekea kusini. Zamani ulikuwa unatoka nje unatafuta tramu uwanjani, mvua au jua, sasa tangu Agosti 2025 tramu inapanda yenyewe mpaka ghorofa ya pili ndani ya jengo jipya la stesheni, unatoka getini unaiona inaingia, kwa mtu wa magoti ni neema. Mnashuka Genbaku Dome-mae, na lile jengo lililobaki baada ya bomu la 6 Agosti 1945 liko hapohapo mbele yenu. Makumbusho yake ni mazito, kwa mtoto wa miaka saba fikirieni nyie wazazi, mmoja anaweza kubaki naye kwenye bustani ya amani pale nje. Kisiwa cha Miyajima msikiendee kwa tramu kama mna haraka, treni ya JR inafika Miyajimaguchi kwa nusu saa kasoro, halafu boti dakika kumi, na pale Miyajimaguchi ndo nyumbani kwa ule wali wa anago niliokuambia.

Kurudi Tokyo kuna Nozomi ya moja kwa moja kutoka Hiroshima, masaa manne, hamshuki popote, kateni E mumuone Fuji tena upande wa kushoto. Ila kama tiketi za ndege bado hamjalipa, ulizieni ya kuingilia Tokyo na kutokea uwanja wa Kansai, hapo mnaokoa hayo masaa manne na yeni zake, mnatoka Hiroshima mpaka Shin-Osaka, na pale pale kuna treni ya Haruka ya kwenda uwanja wa ndege.

Mambo madogo yaliyobaki: kwenye ngazi za umeme Tokyo watu wanasimama kushoto, Osaka wanasimama kulia, Nagoya kuna sheria ya mji tangu Oktoba 2023 kwamba usitembee, usimame tu pande zote. Lifti zipo kila stesheni niliyoitaja lakini zimejificha mwisho wa platfomu, mkishuka tafuteni alama kabla hamjaanza kufuata umati maana umati unafuata ngazi. Kama bibi atahitaji kiti cha magurudumu, mfuateni mtumishi yeyote wa getini nusu saa kabla, anawapeleka mpaka mlangoni kwa behewa lenu na anapiga simu kituo mnachoshukia, mnakuta mwenzake amesimama pale pale mlangoni anawasubiri. Platfomuni chini kumeandikwa namba ya behewa na mlango, simameni kwenye namba yenu, treni inasimama hapohapo.

Nitumie jina la mtaa wa hoteli zenu zote kabla hamjalipa, na vipimo vya sanduku la mama mkwe, nikwambie lango gani na treni ya saa ngapi.